Kifuniko cha Chupa Mfukoni mwa Sam Malone: Kumsoma Mhusika Mwenye Jana Yake

Makala haya yanamhusu Sam Malone, mhusika mkuu wa futuhi ya runinga ya Marekani iitwayo Cheers. Sam ni mwanaspoti mstaafu anayeuza pombe kaunta. Nia yangu ni kuonyesha jinsi mhusika wa aina hii alivyoundwa, na jinsi anavyoweza kumfaa mwalimu wa fasihi ya Kiswahili anayetaka kuwatoa wanafunzi wake katika ugonjwa wa kuorodhesha sifa. Huenda msomaji akashangaa kwamba tumeziacha Kigogo na Bembea ya Maisha tukaenda kutafuta wahusika Boston. Tutarudi nyumbani. Lakini kwanza nieleze kilichonipeleka huko.

Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu zoezi la kumsawiri mtu wa mtaani kwao kana kwamba ni mhusika wa kubuni. Shule yetu iko Eastlands, na wanafunzi wengi wanatoka Umoja, Donholm, Jericho na Kayole. Kwa hiyo nilitarajia makanga, mama mboga na wachungaji, na kweli nikawapata kwa wingi. Mvulana mmoja, ambaye si miongoni mwa wale wanaong'ara darasani, aliandika kuhusu mwuzaji wa baa ambaye zamani alikuwa bondia. Mwuzaji huyo hufuta kaunta kwa mkono wa kushoto. Nyuma ya chupa ametundika picha yake akiwa ulingoni, ila ameitundika chini, kiasi kwamba mteja haioni mpaka chupa za rafu ya pili zipungue. Wateja humwita Bingwa, naye huitika. Yeye mwenyewe hanywi. Insha ikaishia hapo.

Nilimpa alama saba kwa ishirini. Pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Sifa za mhusika hazikutajwa. Je, ni mwema au mbaya? Ana bidii? Ni mlevi?" Siku ya wazazi ilipofika, baba yake alikuja. Aliponisalimia alinipa mkono wa kushoto na papo hapo akaniomba radhi, kwamba wa kulia haukunjuki vizuri tangu zamani. Kisha akaniuliza, kwa heshima kubwa, "Mwalimu, huyu kijana wangu anaweza Kiswahili?" Nilimjibu kwamba anaweza. Nilipofika nyumbani jioni hiyo niliitoa insha ile nikaisoma upya, na ndipo nikaanza kufikiria kuhusu Sam Malone, ambaye nilikuwa nimemtazama kwenye kanda za kuazima nikiwa chuoni bila ya kumtilia maanani.

Sam ni nani

Cheers ilitungwa na ndugu wawili, Glen na Les Charles, wakishirikiana na mwelekezi James Burrows. Ilianza kurushwa na kituo cha NBC tarehe 30 Septemba 1982 na ikamalizika tarehe 20 Mei 1993, baada ya misimu 11 na zaidi ya vipindi 270. Kipindi cha kwanza kilikaribia kuburuta mkia katika orodha ya watazamaji wa juma lile. Kituo kilivumilia, na mwishoni kilikuwa kimepata mojawapo ya futuhi zilizotazamwa sana katika historia ya nchi hiyo.

Karibu matukio yote hutendeka katika chumba kimoja: baa ya Boston iliyo chini ya usawa wa barabara, ambayo mteja huiingia kwa kuteremka ngazi. Mwenye baa ni Sam, aliyeigizwa na Ted Danson. Zamani alikuwa mchezaji wa besiboli wa timu ya Red Sox. Ni muhimu mwalimu aelewe alicheza nafasi gani, kwa maana watungaji hawakuichagua bure. Katika besiboli kuna mrushaji anayeanza mchezo, na kuna mwingine anayekaa pembeni akisubiri, aingizwe mambo yanapoharibika ili aokoe kazi ya mwenzake. Sam alikuwa huyu wa pili. Hata enzi zake za utukufu, utukufu wenyewe ulikuwa wa kuazima.

Inafaa kutaja pia kwamba hapo awali watungaji walimkusudia Sam awe mstaafu wa kandanda ya Kimarekani. Danson alipopewa nafasi hiyo, umbo lake likawa halisadikishi kama la mtu wa mchezo ule wa kugongana, na Sam akahamishwa hadi besiboli. Jambo hili lina funzo la kihakiki. Mchezo ulibadilishwa bila shida yoyote. Kisichoweza kubadilishwa ni kwamba mchezo umekwisha.

Sam aliharibikiwa kwa sababu ya pombe. Baa yenyewe aliinunua wakati ambapo bado alikuwa mlevi, na alipoacha kunywa hakuiuza. Hapa ndipo kilipo kinaya kikuu cha kazi nzima: mtu ambaye tone moja laweza kumwangusha anasimama kutwa kucha akiwamiminia wengine. Wahenga wetu walimjua mgema anayesifiwa akalitia tembo maji. Mgema asiyethubutu kulionja tembo lake hawakumtungia methali.

Kifuniko

Hebu tutazame kipindi kimoja cha msimu wa kwanza, maana kinatosha kwa somo zima. Mchezaji kijana wa Red Sox amepoteza makali yake na anakuja baani akiwa amekata tamaa. Sam anamwazima kitu alichokuwa akikihifadhi kama hirizi: kifuniko cha chupa. Mchezaji anaanza kufanya vizuri. Sam, kinyume chake, anaanza kuharibu mambo madogo madogo, chakula kinamponyoka, hasira zinampanda. Watazamaji wanacheka, kwa kuwa kufikia hapo hii ni hadithi ya kawaida ya ushirikina wa wanaspoti, jambo ambalo hata sisi tunalijua: nani asiyejua timu ya mtaa inayokataa kuingia uwanjani kupitia lango?

Kisha Sam anamweleza Diane, mhudumu mpya, kifuniko hicho kilitoka wapi. Ni cha chupa ya mwisho ya bia aliyowahi kunywa. Kila mara tamaa ilipomjia alikuwa akikitazama. Sasa mchezaji yule amekipoteza. Baa imefungwa, wamebaki wawili. Sam anafungua chupa, anamimina bia katika bilauri, anaiweka mbele yake. Hapa watungaji wanafanya jambo ambalo futuhi nyingi haziwezi: wanaacha kimya kikae. Hatimaye Sam anaisukuma bilauri iteleze kwenye kaunta, imwondokee. Kile kifuniko cha chupa aliyoifungua sasa hivi anakitia mfukoni. Amepata kipya.

Niliwaonyesha wanafunzi wangu kipindi hiki kwa kompyuta ya shule, huku nikiwafasiria. Nilipowauliza sifa za Sam, msichana mmoja alianza kama ilivyo ada: "Ni mkarimu, kwa sababu alimwazima mwenzake kifuniko." Nikamwuliza: mkarimu wa kutoa nini? Darasa likanyamaza, kisha wakaanza kuona. Ametoa kitu kinachomzuia kufa. Je, huo ni ukarimu au ni kiburi cha mtu anayetaka kuonekana amepona? Au ni upweke, kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mchezaji wa kweli amekuja kumwomba msaada, naye akajihisi ni wa timu tena? Majibu yote matatu yana ushahidi ndani ya kazi. Mwanafunzi anayeweza kuyatetea yote hawezi kukosa alama katika swali la sifa za wahusika, wala hatahitaji kukariri orodha.

Kwa nini kaunta

E. M. Forster, katika kitabu chake kuhusu riwaya cha mwaka 1927, aliwagawa wahusika kuwa bapa na duara, na mgawanyo huo ndio tunaoufundisha hadi leo. Mara nyingi tunaufundisha vibaya, kana kwamba bapa ni matusi na duara ni sifa njema. Baa inasaidia kulirekebisha kosa hili. Wateja wa Cheers wengi ni bapa kwa makusudi. Norm huketi kwenye stuli ile ile na kuagiza bia ile ile. Cliff, mpeleka barua, hutoa habari za uongo kuhusu kila kitu chini ya jua. Carla ana ulimi wa pilipili. Wanakuja, wanasema lao, wanaondoka, na tunawapenda hasa kwa sababu hawabadiliki. Ili hali hiyo isimchoshe mtazamaji, ni lazima pawe na mtu mmoja nyuma ya kaunta ambaye ana jambo la kupoteza. Mwenye kaunta hawezi kuondoka. Anasikiliza kila mtu, na kazi yake inamkataza kujieleza.

Pia kaunta ni aina ya jukwaa. Mwanaspoti aliyezoea kutazamwa na maelfu sasa anatazamwa na watu kumi na wawili. Kipo kipindi kingine cha msimu huo wa kwanza ambapo mtangazaji wa michezo anakuja kumhoji Sam. Sam amejipamba, baa nzima imejipamba. Mahojiano yakiwa katikati, mtangazaji anapata habari kwamba mwanaspoti mwingine, anayevuma wakati huo, anapatikana, naye anafunga virago na kumwacha Sam akizungumza na hewa. Wahenga walisema mla kala leo, mla jana kala nini? Katika darasa langu methali hiyo ilitajwa na mwanafunzi kabla sijaitaja mimi.

Diane Chambers, aliyeigizwa na Shelley Long hadi 1987, ndiye anayemfanya Sam aonekane. Ni msomi aliyeachwa na mchumba wake baani humo katika kipindi cha kwanza akalazimika kuomba kazi ya kuhudumu. Anajua mashairi na hajui kubeba sinia. Tofauti kati yao si ya elimu tu. Diane anaishi kwa ajili ya kesho itakayokuja, atakapokuwa mwandishi. Sam anaishi baada ya jana iliyopita. Leo hawamo wote wawili, na vichekesho vyao vinatoka humo. Wanapoachana, mwanzoni mwa msimu wa tatu mwaka 1984, Sam anarudia chupa, na hapo tunatambua kwamba kifuniko hakikuwa utani.

Nisimsifu kupita kiasi. Sam ni mfukuzia wanawake, na futuhi hiyo inacheka pamoja naye mara nyingi kuliko inavyomcheka. Wasichana wa darasa langu hawakumvumilia. Mmoja alisema wazi kwamba mtu kama huyo akiwa mwenye baa Kayole, wahudumu wake wangemkimbia. Nakubaliana naye. Kuna misimu mizima ambapo watungaji wanasahau kwamba Sam ni mlevi aliyeacha na wanabaki na utani wa wanawake pekee, na misimu hiyo ndiyo inayozeeka vibaya. (Jambo dogo la kando: tangu sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, iliyojulikana kwa jina la Mututho, baa ya kawaida ya Umoja haikuruhusiwa kufunguliwa kabla ya saa kumi na moja jioni siku za juma. Norm angekuwa na mchana mrefu sana.)

Nyumbani kwetu

Futuhi za Kenya hazina Sam Malone. Kwa miongo mingi Vitimbi ya KBC ilituchekesha kwa wahusika bapa walioshonwa vizuri, Mzee Ojwang na Mama Kayai wakiwa mbele. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo kwa lafudhi iliyowafanya wengi waape kwamba ametoka Nyanza. Huo ni ustadi wa uigizaji usiohitaji historia ya mhusika. Ojwang hana jana. Kila kipindi anazaliwa upya na tatizo jipya.

Anayemkaribia Sam ni Papa Shirandula wa Citizen, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, aliyetutoka Julai 2020. Papa ni bawabu ambaye familia yake inaamini anafanya kazi ya ofisini. Hutoka nyumbani kwa suti, akifika kazini huvaa sare. Hapa pia kuna mtu aliyesimama mlangoni akiwafungulia wengine huku akibeba jambo asiloweza kulisema. Tofauti ni kwamba Papa anaficha sasa yake, ilhali Sam anajikinga na jana yake. Nadhani ndiyo maana Papa anachekesha zaidi na Sam anahuzunisha zaidi: siri ya sasa inaweza kufichuliwa wakati wowote, lakini jana haina wa kuifichua, kila mtu anaijua.

Si kwamba maisha yetu yamekosa mada hiyo. Mwaka 1978 Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 3,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Michezo ya Olimpiki ya 1976 na 1980 ilimpita kwa sababu Kenya iliisusia. Pombe ikamwingia. Kwa miaka mingi alihangaika Marekani na kazi ndogo ndogo, ikiwemo ya kubeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Albuquerque. Baadaye aliiacha pombe, akaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiingereza, akarudi nyumbani na kufariki Februari 2024. Mtu akikabidhiwa mzigo wake na Rono asingejua nani ameushika. Tukitoka kwenye riadha tuje Eastlands, ndondi ndiyo iliyokuwa shule ya pili ya vijana wengi, kuanzia ukumbi wa Kaloleni hadi Muthurwa. Kenya ina dhahabu moja tu ya Olimpiki katika ndondi, ya Robert Wangila huko Seoul 1988, naye alifariki mwaka 1994 baada ya pambano Las Vegas. Kwa kila Wangila mmoja wapo makumi waliovua glavu wakabaki mitaani, na wengi wao wanafahamika kwa majina ya utani peke yake. Waandishi wetu wa riwaya na tamthilia hawajawagusa vya kutosha. Mvulana wangu aliwagusa, nami nikampa saba.

Darasani

Najua pingamizi litakalotolewa na wenzangu: kuleta baa darasani. Lakini baa imo darasani tayari. Katika Kigogo, iliyotahiniwa hadi 2022, tulikaa Mangweni kwa Mama Pima pamoja na wanafunzi, tukaona pombe haramu ikiuzwa chini ya utawala wa Majoka. Na katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege yumo Yona, mwalimu aliyepoteza kazi kwa sababu ya ulevi. Wanafunzi wengi huandika "Yona ni mlevi", wakatia nukta, wakaendelea na Sara.

Baada ya kumtazama Sam, nilibadilisha mpangilio wa maswali. Kabla ya sifa yoyote kutajwa, mwanafunzi anatafuta mambo mawili matatu. Kwanza, mhusika huyu alikuwa nani kabla ya onyesho la kwanza kufunguliwa? Yona alikuwa mwalimu, mtu wa kuheshimiwa, na kijiji kilimsimanga kwa kupata mabinti bila ya mtoto wa kiume. Kileo kilifuata masimango hayo. Pili, ni nani anayemkumbusha alivyokuwa? Kwa Sam ni kocha wake wa zamani, anayefanya kazi naye hapo kaunta, na baada ya mwigizaji wa nafasi hiyo, Nicholas Colasanto, kufariki mwaka 1985, ni picha ukutani iliyokuwa ya mwigizaji huyo. Katika tukio la mwisho kabisa la futuhi hiyo Sam anainyoosha picha hiyo. Kwa Yona wanafunzi walibishana kama ni Sara au ni watoto, na ubishi huo ulizaa hoja ambazo mimi mwenyewe sikuwa nimezifikiria. La tatu ni kitu: mhusika ameshika nini, ameficha nini, anafuta nini? Si kila tamthilia inakitoa, na pasipo nacho mwanafunzi asilazimishwe kukibuni.

Sifa huja mwishoni, na huja zikiwa zimeshikiliwa na ushahidi. Kwa mtahiniwa wa KCSE hili si anasa. Mwongozo wa kusahihisha unataka sifa na mfano wake, na mwanafunzi aliyeanza na mfano hawezi kuusahau. Hatari iliyopo ni wakati: njia hii inakula vipindi viwili mahali ambapo orodha ingekula nusu kipindi, na mwalimu mwenye madarasa manne ya wanafunzi hamsini na zaidi anajua hesabu hiyo inavyouma. Mimi huitumia kwa mhusika mmoja katika kila kitabu, wale wengine tunawapitia kwa mbio.

Ile insha ya Bingwa niliirudisha kwa mwenyewe na kumwomba aongeze aya moja pekee: chupa za rafu ya pili zikipungua, mteja akaiona picha, Bingwa hufanya nini? Aliileta keshoye. Aliandika kwamba Bingwa huenda stoo kuleta kreti nyingine. Nilimbadilishia alama zikawa kumi na sita. Zile nne nilizikata kwa tahajia, na tahajia yake kweli ilikuwa mbaya.